Taa Ilikuwa Wapi Usiku Ule?

Kwa miaka mingi nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama huku Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno ya shahidi kwa Kisukuma na kuyatoa kwa Kiswahili, kisha kuyachukua maswali ya mawakili kwa Kiswahili na kuyarudisha kwa Kisukuma. Sasa nimestaafu. Lakini ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka huwa naacha ninachokifanya.

Ilikuwa asubuhi ya kusomwa hukumu ya rufani. Mrufani alikuwa kijana aliyetiwa hatiani kwa mauaji, na kwa kosa lile sheria ilimpa jaji adhabu moja tu ya kutoa, kunyongwa hadi kufa. Usomaji haukufika hata nusu saa. Rufani imekubaliwa, hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa, mrufani aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Ndugu zake walitoka wakilia kwa furaha. Nami nikatoka. Kwenye ngazi za nje nikamkuta mama wa marehemu amekaa, amejitanda khanga, kikapu chake kipo miguuni. Nikamwamkia, nikamwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani. Akaniuliza: "Kwa hiyo wamesema mwanangu hakuuawa?"

Nikamwambia, hapana mayu, wamesema hawana uhakika kwamba aliyemuua ni huyu. Akanitazama kitambo. Akasema: "Mimi nilimwona."

Jioni hii nataka tuzungumzie kilichopotea kati ya maneno hayo mawili, "mimi nilimwona" ya mama yule na "hatuna uhakika" ya majaji watatu. Nasema kilichopotea kwa sababu naamini kipo kitu kilipotea, na hakikupotelea kwenye rufani. Kilipotea mapema zaidi, na wengine wetu tulikuwepo kikipotea.

Tuanze na kile ambacho upande wa mashtaka unapaswa kukithibitisha. Katika shauri la Mohamed Said Matula, lililoripotiwa mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza jambo ambalo kila mwanafunzi wa sheria hulibeba kichwani. Ukimshtaki mtu kwa mauaji, ni juu yako kuthibitisha kifo, na ni juu yako pia kuthibitisha kamba inayomfunga mshtakiwa na kifo hicho. Mzigo huo hauhami kwenda kwa mshtakiwa hata siku moja. Kifo husemwa na daktari: nani amekufa, kwa jeraha gani, kwa kitu cha namna gani. Kamba mara nyingi husemwa na macho ya mtu aliyekuwepo. Rufani nyingi za mauaji nilizozishuhudia zilikatikia kwenye moja ya hayo mawili, na baadhi zilikatikia kote kuwili.

Macho kwanza.

Mawakili wetu wana jina wanalolitaja kama watu wanavyotaja jina la barabara: Waziri Amani. Ni shauri la mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine zote, na kwamba mahakama isiutegemee kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Haikuishia kuonya. Ilitoa maswali. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku? Kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Na je, alikuwa akimfahamu kabla, au ndiyo mara ya kwanza kumwona?

Maswali haya hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi saa kumi na moja alfajiri, bado vumbi la mkusanyiko halijatulia, anaweza kuyauliza yote kwa dakika kumi. Na akishindwa yeye, wakili wa serikali anayo nafasi kizimbani. Lakini nimesimama pembeni ya kizimba mara nyingi mno nikisikia swali likiishia hapa: "Je, kulikuwa na mwanga?" Shahidi anajibu, "Ndiyo, kulikuwa na taa." Wakili anasonga mbele.

Taa gani? Katika rufani namba 37 ya mwaka 2005 majaji walisema haitoshi shahidi kudai tu kwamba palikuwa na mwanga. Ni jambo linalojulikana na kila mtu kwamba taa hazilingani: balbu ya umeme, mrija mrefu wa dari, chemli na koroboi kila moja ina nguvu yake. Shahidi aeleze ni taa ipi na iliangaza kiasi gani. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza, nakiri, nililiona ni usumbufu kwa watu wa vijijini. Nikaenda nyumbani nikajaribu.

Nilizima umeme. Nikawasha koroboi, ile ya kopo la maziwa na utambi wa kitambaa, nikaiweka juu ya meza sebuleni. Nikamwomba mjukuu wangu asimame mbele yangu, taa ikiwa katikati yetu, ubavuni. Kwa hatua mbili niliona hata kovu la unyusi wake. Kwa hatua nne niliona uso, lakini rangi ya shati, ambayo niliijua kuwa ya kijani, sikuweza kuiapia. Kwa hatua saba lilibaki umbo la mtu, nami nilijua ni yeye kwa sababu tu mwenyewe nilikuwa nimemweka pale. Kisha nikamwambia arudi mpaka hatua mbili tu kutoka nilipo, ila taa iwe nyuma yake. Msikilizaji, uso ulitoweka. Nilikuwa namtazama mtoto niliyemlea, kwa umbali mdogo vile, na mbele yangu palikuwa na kivuli cheusi chenye masikio. Tangu siku hiyo sikuona tena kwamba swali la "taa ilikuwa wapi" ni usumbufu.

Tochi nayo ina mtego wake. Mashahidi wengi husema, "Nilimtambua kwa sababu walikuwa na tochi kali." Lakini tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Majaji wamesema zaidi ya mara moja kwamba mwenye tochi ndiye anayemwona vizuri anayemulikwa, wala si kinyume chake. Anayemulikwa usoni huona duara jeupe. Yeyote aliyewahi kusimamishwa na mlinzi wa usiku analijua hilo bila kufundishwa.

Sasa utasema, lakini mama yule hakumtambua mgeni. Kijana alikuwa jirani, amemwona akikua. Ni kweli, na sheria inalitambua hilo: kumtambua mtu unayemfahamu kuna uzito kuliko kumtambua mtu uliyemwona mara moja. Lakini mahakama za Uingereza mwaka 1976, katika shauri la Turnbull ambalo mahakama zetu hulirejea mara kwa mara, zilikumbusha kwamba watu hukosea hata kuwatambua ndugu na marafiki wa karibu. Nani kati yetu hajawahi kumwita mtu sokoni kwa jina la shemeji yake, kisha akageuka mtu mwingine kabisa? Tofauti ni kwamba sokoni huishia kwenye kuombana radhi.

Ndiyo maana mahakama hutazama jambo jingine, nalo nadhani ndilo lenye manufaa zaidi kwako unayenisikiliza. Ulimtaja lini? Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililoripotiwa mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya kuaminika kwake, na kukaa kimya bila maelezo humfanya mwenye busara aulize kulikoni. Majirani wamekuja kwa yowe, umewaambia ni fulani? Mwenyekiti wa kitongoji amefika, umemwambia? Polisi walipoandika maelezo yako ya kwanza, jina limo? Kama limo, hata shahidi mmoja peke yake anaweza kutosha, maana Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi ili kuthibitisha jambo. Kama jina linaonekana kwa mara ya kwanza wiki tatu baadaye, baada ya kikao cha ukoo, jaji atauliza kama jina limetoka machoni mwako au limetoka kikaoni.

Hapo niweke neno la haki kwa mashahidi. Mara nyingine mtu hakai kimya kwa uongo, anakaa kimya kwa hofu. Muuaji bado yuko mtaani, ndugu zake wako nyumba ya tatu. Hofu hiyo ikielezwa mahakamani inaweza kupokelewa kama sababu. Lakini ni lazima ielezwe, na ni lazima mtu aulizwe ndipo aieleze. Karatasi ya mwenendo wa shauri haina sura, haitetemeki.

Na kama shahidi hakuwa akimfahamu mtu yule kabla, ndipo linapokuja gwaride la utambulisho. Tangu mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka utaratibu: mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa kadiri inavyowezekana, na shahidi asiwe amemwona kabla ya gwaride. Kumnyooshea mtu kidole kizimbani, miaka miwili baadaye, akiwa ndiye pekee aliyesimama kati ya askari wawili wa magereza, huko si kutambua.

Msikilizaji, niruhusu nitoke kidogo nje ya nchi, kwa sababu mahakama za rufani za jinai tulizorithi kutoka Uingereza zina asili yake, na asili hiyo ni macho yaliyokosea. Mwaka 1896 huko London mtu mmoja aitwaye Adolf Beck alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wanawake na kuwaibia vito. Wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine, walisimama wakasema ndiye. Akafungwa miaka saba. Wenye mamlaka waliamini ni yule yule mhalifu aliyewahi kufungwa mwaka 1877 kwa jina la John Smith. Sasa sikiliza. Kumbukumbu za gereza za 1877 zilionyesha kwamba Smith alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa ametahiriwa. Mwili wake mwenyewe, uliokaguliwa na daktari, ulipinga vidole vyote alivyonyooshewa. Jambo hilo liliwafikia wakubwa mwaka 1898, nao wakambadilishia namba ya mfungwa, wakamwacha gerezani. Alipotoka, mwaka 1904 alikamatwa tena kwa makosa ya aina ile ile, wanawake wengine wakamtambua tena, akatiwa hatiani tena. Kilichomwokoa ni kwamba mhalifu halisi alinaswa akifanya ulaghai ule ule wakati Beck yuko mahabusu. Akasamehewa, akalipwa fidia ya pauni 5,000, na mwaka 1907 Bunge la Uingereza likaunda mahakama maalumu ya rufani za jinai. Wale wanawake hawakuwa waongo. Waliibiwa kweli, walikasirika kweli, na kila mmoja aliapa kwa moyo mweupe.

Nalirudia hilo kwa sababu hukumu ya rufani ikitoka, mtaani husemwa kwamba majaji wamemwita mama wa watu mwongo. Mara nyingi hawajasema hivyo. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Jaji anayetenganisha mambo hayo mawili hajamtukana mtu.

Sasa twende kwa daktari.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ni fomu ya kurasa chache. Nimezishika nyingi. Nyingine zimeandikwa kwa uangalifu unaokufanya umheshimu mtu aliyeziandika: urefu wa jeraha kwa sentimita, kina chake, kingo zake ni safi au zimechanika, liko upande gani wa mwili, mikono ya marehemu ina alama za kujikinga au haina. Kingo safi husema panga, kisu, shoka lililonolewa. Kingo zilizochanika, ngozi imepasuka na pembeni imevilia damu, husema rungu, jiwe, mpini. Nyingine zina mstari mmoja tu: moyo ulisimama. Msikilizaji, moyo wa kila marehemu umesimama. Hiyo si sababu ya kifo, ni maelezo ya kwamba mtu amekufa.

Ushahidi huu unafanya kazi mbili ambazo watu wa nje hawazioni upesi. Ya kwanza ni kutofautisha mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia. Mwaka 1945, katika shauri la Tubere, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ili kujua nia ya aliyeua tazama silaha aliyoitumia, namna alivyoitumia, sehemu ya mwili aliyoilenga, na mwenendo wake kabla na baada. Ikaongeza kwamba nia ovu huonekana kwa urahisi zaidi kwa aliyetumia mkuki au kisu kuliko aliyetumia fimbo. Basi fikiria watu wawili waliogombana kilabuni, mmoja akampiga mwenzake fimbo moja, mwenzake akaanguka akagonga kichwa kwenye jiwe la mafiga, akafa. Daktari akiandika "jeraha la kichwa" tu, hatutajua kamwe kama lilikuwa la fimbo au la jiwe. Mtu anaweza kuhukumiwa kunyongwa kwa maneno mawili yaliyokosa la tatu.

Kazi ya pili ni kumpima shahidi wa macho. Shahidi akisema marehemu alipigwa risasi akiwa anawatazama wauaji, na daktari akaona risasi iliingilia mgongoni, lazima mtu asimame aeleze. Huenda marehemu aligeuka akimbie. Huenda shahidi hakuwepo. Mahakama hailazimiki kumfuata daktari, maana anayoyasema ni maoni ya mtaalamu, na jaji anaweza kuyakataa akitoa sababu. Wala kila tofauti haivunji kesi. Katika Matula tuliyemtaja mwanzoni, mahakama ilisema mikanganyiko itazamwe kama ni midogo au inagusa mzizi wa jambo. Shahidi aliyesema mapigo matatu na daktari akahesabu manne, huyo ni binadamu. Shahidi aliyesema panga na daktari akakuta mifupa iliyosagwa bila mkato hata mmoja, hapo pana mzizi.

Na kuna vifo ambavyo havihitaji ripoti. Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1985, katika shauri la Ndungu, ilisema mtu akichomwa kisu cha moyo au akipondwa kichwa, sababu ya kifo iko wazi mno hata kukosekana kwa ripoti kusiue kesi. Lakini majaji wale walisisitiza kwamba kwa kawaida daktari anatakiwa.

Tusidhani kwamba daktari hakosei. Uingereza, mwaka 1999, wakili aitwaye Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Hakukuwa na aliyeona chochote. Kulikuwa na madaktari. Mmoja, Roy Meadow, profesa mwenye heshima kubwa, aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla kwa kudra ni mmoja kati ya milioni 73. Tarakimu ile ilipatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kifo kimoja kwa wenyewe, kana kwamba ndugu wa damu moja waliozaliwa nyumba moja hawawezi kuwa na udhaifu mmoja. Rufani yake ya kwanza ilikataliwa mwaka 2000. Ya pili, Januari 2003, ilikubaliwa, kwa sababu iligundulika kwamba mtaalamu aliyeipasua miili alikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha vijidudu hatari katika mwili wa mtoto wa pili, na majibu hayo hayakuwahi kupewa upande wa utetezi. Mama yule alikwisha kaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Alifariki mwaka 2007. Macho hukosea kwa kuona vibaya. Utaalamu hukosea kwa kuaminiwa bila kuulizwa.

Kwetu, tatizo la ripoti za madaktari mara nyingi ni la namna nyingine, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu lilifanyika mbele yangu. Katika shauri la Robinson Mwanjisi, lililoripotiwa mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hati inayotolewa kuwa kielelezo sharti kwanza ijadiliwe na kupokelewa, ndipo isomwe. Na mahakama imekuwa ikisisitiza kwamba isomwe kwa sauti ili mshtakiwa asikie kilichomo. Kisha sheria inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali, na ni wajibu wa mahakama kumjulisha haki hiyo. Isiposomwa, au asipojulishwa, ripoti huondolewa kwenye kumbukumbu, inakuwa kama haikuwahi kuandikwa.

Katika kesi ya mama yule, ripoti ilipokelewa mchana, saa ya watu kuchoka. Wakili wa serikali aliinyanyua, upande wa utetezi ukasema hauna pingamizi, jaji akaipa namba ya kielelezo, tukaendelea na shahidi aliyefuata. Haikusomwa. Dakika tatu tu zingetosha. Kwenye rufani ikaondolewa.

Mimi naijua iliyokuwemo kwa sababu ilipita mikononi mwangu. Jeraha moja la kukatwa, kushoto mwa shingo, kingo safi, hakuna jeraha jingine. Na mama alikuwa amesema, kwa Kisukuma, kupitia kinywa changu, kwamba kijana alimpiga panga moja tu, la shingo, upande huu, akaonyesha kwa mkono wake wa kushoto. Karatasi ya daktari ilikuwa imeandika kile kile alichokiona mama. Isingethibitisha kwamba aliyeshika panga ni jirani yake, nikiri hilo wazi. Ingethibitisha kwamba mama alikuwepo, macho yake yalikuwa wazi, na alikuwa akitazama. Kwa majaji watatu wanaopima kama shahidi mmoja peke yake anaaminika, hilo lisingekuwa jambo dogo.

Majaji wa rufani, msikilizaji, hawamwoni shahidi. Wanaletewa kumbukumbu zilizochapwa. Shauri la mauaji likitoka Mahakama Kuu, rufani ile ndiyo ya kwanza, na majaji wana wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe, wakikumbuka kwamba hawakuziona sura za waliosema. Namna shahidi alivyosimama na alivyotetemeka ni mali ya jaji aliyemsikiliza. Wao wanaweza kupima kama maneno yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na kama yanashikana na ya wengine.

Na maneno hayo yamesafiri. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mama alisema kwa Kisukuma, nikayaweka kwa Kiswahili, jaji akayaandika kwa Kiingereza kwa mkono. Aliposema kijana alikuwa "hapo", akionyesha kutoka alipokaa mpaka mlango wa mahakama, mimi nikasema "karibu", na kwenye kumbukumbu likaingia neno moja la Kiingereza lenye maana hiyo. Mkono wake ulioonyesha haukuandikwa. Majaji watatu walikuja kuuliza, kwa haki kabisa: karibu kiasi gani? Hilo ni langu, sitalisukumia kwa mwingine. Ningeweza kumwomba jaji umbali upimwe kwa hatua. Huwa inafanyika. Siku ile sikusema.

Wengine waliuliza kwa nini kesi isirudishwe ianze upya, mama aulizwe vizuri safari hii. Jibu lilitolewa zamani, mwaka 1966, katika shauri la Fatehali Manji: kesi haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu yake. Ni kanuni ngumu kwa mama wa marehemu. Lakini geuza, mwanao wewe ndiye aliyeketi kizimbani, ameshakaa gerezani miaka saba, na serikali inasema ngoja tujaribu tena, awamu hii tutauliza vizuri.

Nirudi kwenye ngazi zile. Mama aliposema "mimi nilimwona", sikuwa tena mkalimani wa mtu. Nilikaa ngazi ya chini yake. Nikamuuliza lile swali ambalo mpaka hapo nilikuwa nimelisoma kwenye hukumu tu. Mayu, taa ilikuwa wapi usiku ule?

Hakufikiri hata kidogo. Alisema ilikuwa chemli, si koroboi. Ilikuwa juu ya kinu kilichogeuzwa, hapo mlangoni upande wa ndani, kwa sababu mkwewe alikuwa na mtoto mgonjwa na walikuwa hawazimi taa usiku. Kioo chake alikuwa amekisugua jioni ile kwa majivu. Kijana aliingia, akainama kupita mlangoni, mwanga ukampiga usoni kutoka chini, akamwona mpaka ndevu. Akanionyesha kwa kidole umbali, kutoka ngazi aliyokaa mpaka kwenye mti wa mwarobaini uani. Nilipoondoka nilipima. Zilikuwa hatua tatu.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema, akachukua kikapu chake.